Kirefu Chake

Mjomba Chiwanga alishuka Kintinku usiku,
garimoshi limeteremka Saranda likilia breki.
Mguu mmoja ndani ya bendeji, sanduku la mbao begani,
na ubavuni mwa sanduku herufi nne za rangi nyeupe.

Asubuhi tukamzingira, watoto wa nyumba tatu.
JWTZ! Mwalimu alikuwa ametufundisha kirefu chake,
tukakiimba kwa pamoja kama tebo ya saba.
Mjomba akatikisa kichwa. "Hicho ni cha ubaoni.
Cha handakini ni hiki: Jua Wima, Tumbo Ziro."

Tulicheka hadi bibi akatoka na mwiko.

Tangu siku hiyo tukawa tunamletea herufi
kama wengine wanavyoleta kuni.
SMG? Shikilia Mpaka Giza.
LMG, ile nzito? Lako, Mwanangu, Gunia.
RPG aliifikiria kidogo, akiparuza ukoko wa ugali wa uwele:
Ruka Pembeni, Ghasia!
MP, askari wa kukamata askari wenzake?
Mla Posho.
Na JKT, alikoanzia, pale Makutupora, vumbi hadi kwenye meno:
Jembe Kila Tukiamka.

"Nani aliyatunga?"
"Mahinyila."
Kila mara jibu lilikuwa hilo, na kila mara
alilitoa akitazama kwingine, zizini, au kwenye ndala zake.

Mahinyila wa ng'ambo ya reli. Tulimjua sana,
ndiye aliyemvalisha punda wa mwenyekiti suruali.
Huko Kagera, alisema mjomba, mvua ilinyesha wiki nzima,
handaki likawa sufuria, biskuti zikawa uji,
redio ya upepo ikaita kwa herufi tupu
na Mahinyila akaijibu kila herufi
kwa tusi lililooga na kupaka mafuta.
Koplo alikuwa akimkemea, mabega yake yakitikisika.

Mwaka ule duka la RTC halikuwa na sabuni
wala sukari, wala betri. Mama alipanga foleni tangu jogoo,
akarudi saa tisa, akatua kapu tupu
na kusema bila kutabasamu:
"Rudi Tena Kesho."
Mjomba alicheka mpaka akaushika mguu.
Hiyo, alisema, hata Mahinyila hakuiona.

Kisha lile bakuli la bati.
Lilikuwa chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi,
kitako chake kimekwaruzwa kwa msumari: M.N.K.
Tukaligombania. Mlenda Ni Kesho!
Mimi Nataka Kulala! Mchwa Ndani ya Koti!
Mjomba hakucheka, hakukataza.
Alikunja blanketi mara nne, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumapili alilitia kwapani, akavuka reli na mkongojo wake.
Nikamfuata. La mchwa lilikuwa langu, ndilo lililoshinda,
na nilitaka kumsomea mama yake Mahinyila.

Mama yule hakujua kusoma.
Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza,
akapitisha kidole kwenye mikwaruzo, mmoja mmoja,
kama anayetafuta ufa.
"Hapa pamesemaje?"

Nikafungua mdomo.

"Mahinyila Ndahani Kusenha," mjomba akaniwahi.
"Aliandika lisiibwe."

Kimya. Kuku alipita katikati yetu, akarudi.
"Ni kweli," mama akasema. "Huyu huibiwa.
Tangu mdogo, akila na wenzake lazima aibiwe.
Badala ya kula anachekesha watu."

Akaingia ndani. Akatoka nalo limejaa karanga,
akaliweka chini, akatuambia tule.
Tukala.
Zilikuwa na chumvi nyingi mno.